Nati za tairi zinalegea baada ya kuzungusha tairi: shajara ya IST, Dar

Gari ni Toyota IST ile ya kwanza, NCP60 ya cc 1300, inapiga Mbezi hadi Posta karibu kila siku ya kazi. Kila tairi ina stadi 4, yaani zile bolti zinazotokeza kwenye habu (kitovu kinachobeba tairi) na kufungwa nati, mpangilio ni 4x100 (matundu manne kwenye duara la mm 100), uzi wa stadi ni M12x1.5 (unene mm 12, jino hadi jino mm 1.5) na Toyota wanataka nati zikazwe kwa 103 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Rimu sio zile zilizokuja na gari, ni za spoti alizofunga mwenye gari wa mwanzo, na nati zake unafungua kwa spana ya 19 wakati nati za kawaida za Toyota ni 21. Hiyo 19 iweke kichwani maana huko chini ndo ilikuja kuleta kizaazaa. Naongeza kila hatua ikiisha, bei zote ni shilingi, mafuta na nauli za kuzunguka mjini sijaziweka.

2 Agosti 2025: kuzungusha tairi

Tairi za mbele zilikuwa zinaliwa kuliko za nyuma. Fundi tairi wa barabarani akazihamisha mbele nyuma upande uleule, akajaza upepo, 8,000. Kazi ya nusu saa.

6 Agosti: sauti

Nimetoka Ubungo nashuka Mandela, nikiwa kwenye foleni naisikia tok, tok, tok upande wa kushoto mbele, gari likishika mwendo sauti inapotea halafu usukani unaanza kucheza kidogo, nikikanyaga breki unacheza zaidi. Mwanzo nikadhani ni jointi ya drive shafti, ila jointi mbovu kawaida inalia ukikata kona kali, hii ilikuwa inalia hata barabara imenyooka na polepole inafuata mzunguko wa tairi. Nikaweka pembeni, nikashika nati kwa vidole. Mbili za mbele kushoto zilizunguka kwa mkono mtupu.

Nikakaza na spana nikarudi nyumbani taratibu upande wa kushoto kabisa wa barabara. Kama na wewe unasikia hiyo sauti usijiambie utaangalia ukifika, simama hapohapo, maana nati iliyolegea inaruhusu rimu icheze, rimu ikicheza inakata stadi, na stadi moja ikikatika mzigo wote unaenda kwa zilizobaki.

7 Agosti: kukaza kwa mashine ya upepo (haikusaidia)

Nikaenda kwa fundi mwingine mwenye mashine ya upepo, akazipiga zote 16 mpaka mashine ikawa inalia tu bila nati kusogea, 2,000. Nilipofika nyumbani nikachukua rangi ya kucha nyekundu, nikachora mstari mwembamba kutoka juu ya nati kuvuka mpaka kwenye rimu, nati zote. Malori makubwa yana vile vishale vya plastiki vya njano kwenye nati, wazo ni lilelile, nati ikisogea mstari unakatika unauona bila hata kugusa spana. Fanya hivi kabla ya kingine chochote, gharama ni sifuri na inakuambia ukweli.

11 Agosti: mistari imekatika, na stadi imevutwa

Mbele kushoto mistari miwili imeachana, nyuma kushoto mmoja. Upande wa kulia yote imenyooka. Kwahiyo tayari nina jibu nusu, kama tatizo ni nguvu ya kukaza basi zingelegea kokote, lakini zinalegea zilezile.

Gereji ya jirani kijana akatia bomba kwenye spana akasimama juu. Naomba nifanye hesabu hapa kwa sababu hii kitu inafanywa kila kona ya mji huu. Mtu wa kilo 70 akisimama mwisho wa bomba la sentimita 60 anatoa kama 410 Nm, hiyo ni mara nne ya inayotakiwa. Nati ya kwanza ikalia krr ikasimama, ya pili ikazunguka, ikazunguka tena, haizidi ugumu wala haisimami. Kijana akasema, "Bosi hii inaingia tu." Nikamwambia shuka. Nati inayoendelea kuzunguka bila kuongezeka ugumu maana yake stadi imeshaanza kuvutika, chuma kimepita pale ambapo kinaweza kurudi urefu wake, na ukiendelea inakatika mkononi au mbaya zaidi inakatikia njiani.

Jioni nikampitia mzee jirani yangu, ameendesha malori ya Tunduma miaka mingi. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia, nikamweleza yote. Akauliza kama kuna mtu ameshafungua hizo nati na kuziangalia kwa macho. Hakuna. "Mwanangu acha kukaza. Fungua uone nati inakalia nini, na rimu inakalia nini." Kila kilichofuata kwenye mradi huu kimetoka kwenye sentensi hiyo.

Akanikataza pia vitu viwili ambavyo watu walikuwa wameshanishauri, kuweka washa za springi chini ya nati na kuweka gundi ya nyuzi. Nati ya koni, yaani yenye mteremko unaokaa ndani ya tundu la rimu, ikiwekewa washa haikai tena kwenye koni yake, na gundi inashika uzi lakini haiwezi kurudisha mbano uliopotea.

Gari likalala.

16 Agosti: kufungua zote, na kilichoonekana nyuma ya rimu

Jeki, stendi mbili, breki ya mkono, matofali kwenye tairi zilizobaki chini. Nikatoa tairi zote moja moja.

Mgongo wa rimu, ile sehemu bapa inayolala kwenye diski ya breki, ulikuwa umepakwa rangi. Kuna siku mtu alizipendezesha rimu akapiga rangi ya kupuliza kila mahali mpaka nyuma, tena nene. Kwenye diski za mbele kulikuwa na kutu imevimba kuzunguka ukingo wa kitovu, na kwenye dram za breki za nyuma maganda ya kutu unayoweza kuyabandua kwa kucha. Chumvi ya bahari, matope ya masika, hakuna gari la Dar lisilo na hii.

Sasa kwa nini inalegeza nati? Hapa ndo nilipoelewa. Tunadhani nati inashika kwa sababu imekazwa kwa nguvu, kumbe ukikaza unaivuta stadi, inarefuka kidogo sana, na hamu yake ya kurudi ndo inaibana rimu kwenye habu. Kwa hesabu ya kawaida ya bolti, 103 Nm kwenye uzi mkavu wa M12 inatoa mbano wa kama tani 4 kwa kila stadi, na kwenye stadi fupi hizi mrefuko wenyewe haufiki hata milimita 0.1. Unene wa unywele. Kwahiyo ukiweka rangi au kutu katikati, ukakaza vizuri kabisa kwa kipimo, halafu gari likapita kwenye mashimo rangi ikasagika kwa unene wa unywele tu, mbano wote umeondoka na hakuna mtu aliyeigusa nati. Kabla ya kuzungusha tairi kila rimu ilikuwa imeshakaa na diski yake miaka, rangi imeshalala na kutu imeshajipanga. Tulipohamisha mbele nyuma kila rimu ikakutana na uso mpya.

Usafi wenyewe: brashi ya waya na msasa, 5,000. Kwenye rimu nimetoa rangi sehemu bapa tu, aloi ikabaki wazi, sio kung'arisha, ni iwe bapa. Kwenye diski na dram nimepiga brashi mpaka chuma, halafu nikapitisha ukingo wa rula ya chuma kuona kama kuna uvimbe umebaki. Diski za mbele nilizitoa kabisa maana kutu inakaa pia kati ya diski na habu, na hiyo ndo watu wengi wanairuka. Nyuzi za stadi nimezipiga brashi kavu. Sijaweka grisi wala mafuta, kitabu cha Toyota kinakataza, maana ukikaza uzi wenye grisi kwa kipimo kilekile unaivuta stadi zaidi ya inavyotakiwa.

17 Agosti: nati mbili sio zangu

Nikazipanga nati zote 16 juu ya gazeti, nikazisugua, nikaanza kuzitazama moja moja kwenye jua. Kumi na nne zina uso wa koni iliyonyooka, ukiweka rula pembeni ya mteremko inalala yote. Mbili mteremko wake umebinuka, rula inagusa katikati tu, kushoto na kulia kuna mwanga unapita. Na kwenye mwili wa hizo mbili kuna alama ya duara nyembamba sana inayong'aa, upana wa uzi wa kushonea, pale tu ndipo zilikuwa zinagusa rimu. Zile nyingine alama inayong'aa imeenea uso mzima.

Hizo mbili ni nati za Honda. Honda wanatumia nati zenye uso wa mviringo, na uzi wao ni M12x1.5 sawasawa na Toyota, na spana yao ni 19. Zinaingia kwa mkono mpaka mwisho, spana ya 19 inazikubali, mashine ya upepo inazikaza, hakuna kitu hata kimoja kinachokuambia sio zenyewe mpaka uitazame. Siku ile ya kuzungusha pembeni kulikuwa na Honda Fit inazibwa pancha, nati za magari mawili, sufuria moja. Inawezekana kabisa mwenye Fit naye anatembea na mbili zangu na sijui nitampataje, hilo limenikaa rohoni.

Kwa magari mengi ya Nissan, Subaru na Suzuki uzi ni M12x1.25, hapo angalau nati ikichanganywa itakataa baada ya mzunguko mmoja miwili, ukiona inakataa usiilazimishe kwa mashine. Na baadhi ya rimu za aloi za Toyota zenyewe zinatumia nati yenye washa bapa, sio koni, ukihamia rimu nyingine nati lazima zibadilike nazo.

Nikanunua seti mpya mtaa wa Gerezani hapa Dar, nati 16 za koni, M12x1.5, spana 19, kila moja 2,500, jumla 40,000. Nilienda na stadi ya mfano na rimu moja kwenye buti. Muuzaji alishangaa naingiza nati moja moja kwenye tundu la rimu na kuichungulia lakini akaniacha. Nilihesabu pia mizunguko, nati ya M12x1.5 inatakiwa izunguke angalau mara 8 kwenye stadi kabla haijakaa, hiyo inakupa mshiko wa milimita 12 sawa na unene wa stadi.

Kuanzia sasa nati zangu zinakaa kwenye kofia yangu, haziwekwi kwenye sufuria ya mtu.

23 Agosti: stadi (za kwanza zilikataa)

Stadi iliyovutwa inaonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Niliweka stadi nzima na mbovu uzi kwa uzi, meno yakaanza pamoja halafu katikati yakaachana, ya mbovu yamekaa mbali mbali na shingo imekonda. Nikaamua kubadilisha mbili, hiyo na ile iliyolia krr, zote mbele kushoto.

Nikanunua mbili kwa 10,000, muuzaji akasema za Toyota zote ni moja. Sio moja. Tulipotoa kalipa (kile kinachobana diski ya breki) na diski, tukazungusha habu mpaka stadi ikapata nafasi ya kutokea nyuma, tukatoa ya zamani, ile mpya ikaingia kwa kusukuma na kidole. Stadi inashikwa na yale meno ya shingoni yanayobana kwenye tundu la habu, kama inaingia kwa kidole siku ya kufungua itazunguka na nati na hutaitoa bila kukata. Fundi akataka kuipiga pointi ya welding kwa nyuma. Nikakataa, joto la kuchomelea linaharibu ugumu wa chuma cha stadi na beringi iko palepale. Nikachukua ya zamani nikarudi Gerezani nayo, safari hii tukapima shingo kwa vernia (kipimo cha unene), nikabadilishiwa kwa nyongeza ya 4,000.

Kuingiza: usigonge na nyundo, kila pigo linapita kwenye beringi. Tuliweka washa kadhaa nene juu ya stadi kwa mbele, nati ya zamani ya Toyota tukaigeuza upande wake bapa uangalie washa, tukavuta polepole mpaka kichwa cha stadi kikalala kwenye habu. Nati hiyo ya kuvutia itupe baada ya hapo. Ufundi 25,000 pamoja na kurudisha breki.

24 Agosti: rimu moja imekufa

Rimu iliyokuwa mbele kushoto tundu moja limekuwa yai. Koni ya rimu imeliwa upande mmoja, nati mpya ikikaa inaegemea. Nimeambiwa kuna wanaojaza kwa kuchomelea aloi na kutoboa upya, kwa rimu inayobeba familia sikutaka. Wauza rimu za mtumba Ilala walikuwa na ya kufanana kwa 60,000, kuhamisha tairi na balansi (kusawazisha uzito wa tairi) 10,000. Nimeikagua matundu, nikatoa rangi mgongoni kabla haijapanda.

30 Agosti: toki renchi, na dumu la maji

Nilipata toki renchi ya mtumba, yaani spana unayoiwekea kipimo na inatoa klik ikikifikia, 75,000. Ya mtumba huwezi kuiamini kwa maneno, kwahiyo nikaipima na dumu.

Hesabu ni hii: 103 Nm ni sawa na kilo 21 zikining'inia sentimita 50 kutoka katikati ya nati. Dumu la lita 20 likijaa pamoja na uzito wake liko mulemule, lakini madumu hayalingani, nililipeleka kwa muuza mchele nikapunguza maji mpaka mzani ukasoma 21. Nikafunga renchi kwenye nati, mkono wake umelala sambamba na ardhi, nikapima sentimita 50 kwa tepu, nikafunga kamba hapo, nikaliachia dumu taratibu bila kulirusha. Renchi ikiwa imewekwa 103 ilitoa klik hata kabla dumu halijaachiwa lote. Nikapunguza maji na kurudia, ikawa inatoa klik kwenye kilo 18, maana yake ikisema 103 inatoa kama 88. Nikapandisha namba mpaka klik ikaja na kilo 21 kamili, kwangu hiyo ni alama ya 120. Nimeiandika kwa maka peni kwenye boksi lake.

Na huna haja hata ya renchi. Ukiwa na mkono wa soketi wenye urefu wa kutosha, dumu lenyewe ni kipimo. Kaza kwa mkono mpaka ikae, laza mkono sambamba na ardhi, ning'iniza kilo 21 kwenye sentimita 50, mkono ukishuka ulaze tena upya juu na urudie, ukiacha kushuka umefika. Mwenye spana fupi ya sentimita 25 anahitaji kilo 42, ndo maana spana fupi ya kwenye buti peke yake mara nyingi inaacha nati laini.

Kukaza kwenyewe: nati zote kwa vidole kwanza tairi ikiwa juu, halafu spana kidogo kwa msalaba, yaani ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia, shusha gari tairi iguse chini isizunguke, kisha kipimo kwa msalaba tena. Mistari mipya ya rangi ya kucha.

31 Agosti: mpaka Mlandizi

Mbezi kwenda Mlandizi na kurudi unakaribia km 80, na matuta ya kutosha njiani. Nikaacha tairi zipoe kabisa, nikapitisha renchi. Nati tatu zilisogea kidogo kabla ya klik, zote kwenye ile rimu ya Ilala, nyingine zikatoa klik palepale. Kusogea huku ni kawaida, vitu vipya vinakaa. Ndo sababu ya kurudia kati ya km 50 na 100, na mzee anasema enzi zao hakuna dereva wa Tunduma aliyevuka Chalinze bila kushuka na nyundo kuzigonga nati.

6 Septemba: mtetemo wa mwendo wa 80

Nati zimetulia ila usukani unatetemeka ukifika 80. Balansi iko sawa. Tatizo ni tundu la kati, habu ya IST ni 54.1 mm na rimu hizi zina tundu la 73.1, kwahiyo rimu inakaa katikati kwa hisani ya nati tu. Mafundi wa kukereza Gerezani wakanitolea ringi nne za aluminiamu, nje 73.0 ndani 54.1, kwa 12,000 kila moja, 48,000. Ya kwanza waliifanya nene kuliko kina cha tundu, ikawa inazuia rimu isilale kwenye diski, yaani unarudia ugonjwa uleule wa mwanzo. Ikapunguzwa. Ringi ikae ndani kabisa, isitokeze. Nikakaza upya, nikapita tena na renchi baada ya barabara kadhaa. Mtetemo umeisha.

20 Septemba: hali ya sasa

Mistari yote 16 imenyooka. Nati hazijasogea tangu ringi zifungwe, nimepita na renchi asubuhi tairi zikiwa baridi.

Jumla iliyotoka ni 287,000 kuanzia siku ya kuzungusha. Ukitoa renchi, ringi na rimu, kilichotibu nati zenyewe ni nati mpya, stadi mbili na brashi ya waya.

Tairi ya akiba ni ya rimu ya chuma, nimejaribisha nati za koni kwenye matundu yake zinakaa uso mzima. Kwenye buti sasa kuna soketi ya 19, mkono wa sentimita 50 wenye alama ya rangi, na nati mbili za ziada kwenye soksi. Zile mbili za Honda nimempelekea fundi tairi na nimemwachia namba, mwenye Fit akirudi anipigie.